Bawaba za Mlango wa Nyuma

Niliponunua pikapu nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na kabla ya hapo sikuwa na watu. Wazazi wangu walifariki nikiwa vitani. Dada yangu aliolewa Machame, akawa mtu wa huko. Niliporudi kutoka jeshini, ambako nilifundishwa udereva, nilikuta popo wamejaa darini kwa baba na migomba imesogea mpaka mlangoni. Nikafyeka, nikapalilia kahawa, nikaanza kuishi peke yangu huko juu ya Makumira, upande wa mlima, ambako asubuhi ukungu hauondoki mpaka watu wamekwisha kunywa chai. Waliniuliza nitaoa lini. Nikawa najibu, mwakani. Nilijibu hivyo miaka mitano.

Pikapu ilikuwa ya Mgiriki mmoja mwenye shamba kule chini, aliyekuwa akihama. Ilikuwa imezeeka hata siku ile niliyoichukua. Bodi yake ilikuwa ya mbao zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Mlango wa nyuma, ule unaoangushwa chini wakati wa kupakia, ulishikwa na bawaba mbili kwa chini, na juu ukafungwa kwa mnyororo kila upande. Enzi hizo za Waingereza magari ya kwetu yalikuwa ya walowezi, ya Wahindi wa mjini na ya misheni. Kitongoji chetu kizima, mwenyeji mwenye gari nilikuwa mimi tu.

Tangu siku hiyo sikukaa tena peke yangu. Siku za soko la Tengeru niliamshwa na sauti za wanawake uani, kabla jua halijatoka, wakishusha mikungu ya ndizi vichwani na kuulizana habari za watoto. Walipanda nyuma, wakaimba nyimbo za kanisani, wakateta, wakacheka. Wanacheka nini sikujua, kwa sababu ya injini. Mimi nilikuwa mbele na wao nyuma, katikati yetu kioo kidogo chenye ufa. Ilinitosha. Mtu ambaye hajawahi kukaa siku tatu bila kusikia sauti yake mwenyewe hataelewa ni kwa nini ilinitosha.

Nilikuwa na rafiki mmoja. Tulikuwa rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja, tukapata kipaimara siku moja, na mfereji uliomwagilia shamba lake ndio huohuo uliopita kwangu. Yeye hakwenda vitani. Alioa mapema, na mke wake nilimwita shemeji naye akaniita shemeji. Huyo mama ndiye aliyenitumia loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, ndani ya kibuyu nilipokuwa na homa, na ndiye pekee aliyethubutu kuniambia kwamba shati langu linanuka.

Jioni moja rafiki yangu alikuwa akinisaidia kupakia kahawa. Tulipomaliza aliushika mlango wa nyuma, akautikisa, ukacheza kama jino bovu.

"Bawaba hizi zimekwisha," akasema. "Njoo utazame."

Nikatazama. Tundu la pini upande wa kushoto lilikuwa limelika mpaka likawa na umbo la yai, na pini yenyewe imekuwa nyembamba katikati.

"Nitazibadilisha," nikamwambia.

"Lini?"

"Wiki ijayo, nikienda mjini."

Nikazungushia waya. Wiki iliyofuata nilikwenda mjini, na ile iliyofuata pia nilikwenda. Kila mara nilikuwa na jambo jingine la kufanya, na leo hakuna hata moja ninalolikumbuka.

Ilikuwa Jumamosi, mvua za vuli zimeanza. Tulikuwa tunarudi kutoka Tengeru, nyuma kuna wanawake wanane na magunia matatu ya mahindi. Shemeji yangu alichelewa kupanda kwa sababu alikuwa amerudi sokoni kununua chumvi, kwa hiyo alikaa mwisho kabisa, ameegemea mlango. Tulipofika kwenye kile kilima kilichoko baada ya daraja la pili, nikaweka gia ndogo. Gurudumu likapanda jiwe, likashuka kwa kishindo. Nikasikia chuma kinalia, sauti ndogo tu, kama sahani imeanguka jikoni. Halafu kelele, halafu viganja vikipiga paa la gari.

Nilisimamisha gari, nikashuka. Mlango ulikuwa unaning'inia upande mmoja kwa mnyororo. Shemeji yangu alikuwa chini barabarani, na gunia moja la mahindi liko juu ya paja lake. Hakuwa analia. Alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza watoto kazi, "Ondoeni gunia. Ondoeni gunia."

Tukaliondoa. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Nikaung'oa ule mlango, nikautupa nyasini. Tukamlaza shemeji nyuma juu ya khanga za wenzake, wanawake wawili wakamshika, wengine wakabaki na mizigo yao kwenye mvua. Nikageuza gari kuelekea Arusha. Ni maili kumi na tano hivi. Kila shimo nililolipiga nilimsikia, na mashimo nilikuwa nayajua yote, lakini siku ile ilikuwa kama yamehama.

Rafiki yangu alifika hospitali jioni, tope mpaka magotini. Alinikuta barazani.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Paja limevunjika. Wameufunga mguu, wameuning'iniza."

Akaingia. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alisimama mbele yangu, kofia mkononi, nami nikangoja aseme lile neno. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nalitaka.

"Daktari anasema atapona, ila itachukua miezi," akasema. "Asante kwa kumfikisha."

Basi. Hakuniambia, "Nilikuonya." Hakuniambia siku ile wala siku nyingine yoyote maishani mwake. Angesema, ningeweza kumjibu.

Wiki nzima sikuligusa gari. Niliufuata ule mlango kwa miguu, nikaubeba kichwani mpaka nyumbani, nikauegemeza ukutani. Jumatano wanawake walishuka sokoni kwa miguu. Walipita kwenye njia iliyo kando ya uzio wangu, mikungu vichwani, wakanisalimu vizuri, nikaitikia vizuri. Hakuna aliyesimama. Nikasikia sauti zao zikiteremka mpaka zikaisha.

Siku ya nane nikaenda mjini. Nyuma ya soko, kwenye mtaa wa mafundi, kulikuwa na Kalasinga mmoja mtu mzima, kilemba chake kimekuwa cha kijivu kwa moshi wa mkaa, mwenye karakana ya kutengeneza magari na majembe ya trekta. Nilimweleza nataka bawaba mbili za mlango wa nyuma. Alilitazama gari, akatikisa kichwa.

"Za gari hili hazipo dukani. Ukiagiza, zitakuja na meli, na labda zisije. Nitakutengenezea. Mlango uko wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa nipime nini, dereva?"

Nimetoka maili kumi na tano kutengeneza mlango, na mlango nimeuacha umeegemea ukuta wa nyumba yangu. Nilirudi. Kesho yake nikaja nao.

Aliulaza juu ya meza ya kazi, akazipiga zile bolti kuukuu kwa nyundo mpaka kutu ikaachia. Bawaba ya kulia ikatoka salama. Ya kushoto ilikuwa na kitu kimebanwa ndani. Akakivuta kwa koleo polepole. Kilikuwa kipande cha khanga, chekundu na cheupe, upana wa vidole viwili. Akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kidole gumba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepungukiwa kidole kimoja.

"Umesema gunia lilianguka," akaniambia.

Ni kweli, ndivyo nilivyomwambia jana yake.

"Na mtu pia," nikasema.

"Amekufa?"

"Hapana. Amevunjika paja. Ni mke wa rafiki yangu."

Hakusema pole. Aliuendea mfuko wa vyuma chakavu, akapekua mpaka akapata kipande cha fremu ya lori bovu, akakileta mwangani. Tulifanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri. Alikata, akachoma motoni, akapinda chuma kuzunguka ufito wa duara mpaka kikawa na kitanzi cha kupitisha pini, akakipiga juu ya fuawe, akakitia majini kikapiga kelele. Mimi nilivukuta moto. Wakati wa kutoboa matundu ya bolti alishika chuma, mimi nikazungusha keekee, na kila baada ya mizunguko kadhaa alidondosha mafuta. Nilikuwa sijafanya kazi na mtu tangu ile Jumamosi. Nilitamani matundu yawe mengi zaidi.

Tulipokuwa tunasugua kwa tupa, kila mtu na bawaba yake, alianza kuzungumza bila kuinua macho.

"Mimi nilimwangushia mtu injini mguuni. Mnyororo ulikuwa mbovu, nilijua. Ni ndugu yangu, mtoto wa mama."

"Alipona?"

"Alipona. Yuko Nairobi sasa, ana karakana kubwa kuliko hii. Barua huleta kila mwezi."

"Basi mlipatana."

"Humwandikia mke wangu," akasema. "Mimi ananisalimu mwishoni."

Akapuliza vumbi la chuma, akajaribu pini. Iliingia kwa kubanwa kidogo, ikazunguka bila kucheza. Akanikabidhi bawaba zote mbili, bado zina joto, na bolti mpya nane ndani ya kopo.

"Lete gari kesho kutwa tufunge," akasema. "Leo nina trekta ya watu."

"Nitafunga mwenyewe."

"Hii ni kazi ya watu wawili. Mmoja ashike mlango, mwingine apige bolti. Wewe na nani?"

"Nitapata mtu."

Alinitazama kidogo, halafu akageukia trekta.

Kwa nini nilikataa, sijui vizuri. Nadhani nilitaka kazi ile ifanyikie pale kitongojini, watu wapite waone. Nilijiambia kwamba wakiniona nahangaika, yupo atakayeweka mzigo chini na kusema, ngoja nikushikie.

Kesho yake nilianza mapema. Nilifunga bawaba kwenye mlango kwanza. Hilo lilikuwa rahisi, mlango uko chini. Taabu ilikuwa kuuinua mpaka usawa wa sakafu ya bodi na kuushikilia palepale wakati matundu ya bawaba yanalingana na matundu ya gari. Ulikuwa mbao nene na mikanda ya chuma. Kuuinua niliweza. Lakini nikiushika kwa mikono miwili, sina mkono wa bolti. Nikiuachia mkono mmoja ili nichukue bolti, unaanguka upande. Nikapanga mawe. Mawe yakawa marefu mno, nikayapunguza, yakawa mafupi. Nikaweka kreti juu ya mawe. Likateleza, na mlango ukanishukia kwenye kidole cha kati. Nilikaa chini nikakitia kinywani.

Watu walipita. Mzee wa kanisa alipita, akasema, "Pole na kazi." Nikasema, "Nimeshapoa." Wasichana wawili walipita wakiwa na majani ya ng'ombe, wakanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Baadaye, katikati ya asubuhi, alipita rafiki yangu mwenyewe, amevaa koti, anakwenda hospitali. Nilikuwa nimeinua mlango wakati ule, begani, jasho linaniingia machoni.

"Habari za asubuhi," akasema.

"Nzuri. Anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

Akasimama kitambo. Nilijua kwamba nikisema neno moja tu, nishikie, angeingia uani angeshika. Sikusema. Naye alinitazama mimi, akautazama mlango, akasema, "Haya, kazi njema," akashuka zake kwenda barabara kuu kutafuta lifti, kwa sababu hakuniomba mimi nimpeleke. Nikaushusha mlango chini taratibu.

Mchana nilikata mgomba. Nilikuwa na mmoja uliokwisha kuzaa, nikaukata vipande vifupi vya urefu wa mkono, nikavisimamisha chini ya mlango, viwili kila upande. Shina la mgomba ni laini. Mlango ukiwa juu sana, unachonga kidogo kwa panga; ukiwa chini, unaongeza tabaka. Nikachonga, nikainama kuchungulia, nikachonga tena. Utomvu ulinichafua mikono yote na shati, na utomvu wa mgomba hautoki. Kama saa tisa hivi nikaona mwanga umepenya tundu la kwanza, bawaba mpaka gari, mduara mzima. Nikapitisha bolti. Baada ya hiyo nyingine zikafuata. Nikakaza nati kwa spana mpaka mkono ukakataa.

Nikavitoa vipande vya mgomba. Mlango ukabaki hapo. Niliufungua, nikaufunga, nikaufungua. Haukulia wala haukucheza. Nilipanda nyuma, nikakaa pale alipokuwa amekaa shemeji, nikauegemea kwa mgongo, nikajitupa kwa nguvu zangu zote mara tatu. Ulikuwa kama ukuta. Nilikaa hapo mpaka jua likazama nyuma ya mlima, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumamosi iliyofuata niliwasha gari kabla ya alfajiri, nikaliacha likinguruma uani ili wasikie. Nikasikia wanakuja. Mmoja aliingia, mama mjane, jirani wa chini, akatua mkungu wake, akaniomba nimpelekee mpaka sokoni, nimwachie binti yake aliyekwisha kutangulia. "Na wewe je?" nikamuuliza. "Mimi nitatembea tu, baba," akasema. "Nyonga zinataka kunyooshwa." Akanipa mkungu, akaondoka.

Ikawa hivyo. Walinipa mikungu, baadaye msimu ulipofika wakanipa magunia ya kahawa, lakini wao wenyewe hawakupanda. Niliwapita njiani wakiteremka kwa mstari, nikapunguza mwendo, wakapunga mkono. Nyuma yangu hakukuwa na sauti ila ya mizigo ikisuguana. Nilianza kuzungumza na injini. Kidogo kidogo nikaacha kwenda kanisani, kwa sababu kanisani watu hutoka nje baada ya ibada wakasimama makundi makundi, na mimi sikujua tena nisimame wapi.

Hospitali nilikwenda mara tatu katika miezi ile. Mara zote nilifika getini na mkungu wa ndizi, nikampa askari, nikamwambia apeleke wodi ya wanawake, nikamtajia ni nani. Halafu nikarudi garini. Kutoka pale nilipoegesha niliona madirisha ya wodi. Sikujua lake ni lipi.

Aliporudishwa nyumbani, alirudishwa na gari la misheni. Nililiona likipanda kilima mbele ya nyumba yangu, polepole, mchungaji ndiye anayeendesha, na kichwa cha shemeji kikionekana dirishani kimefungwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimesimama kwenye kahawa na kikapu kiunoni. Niliinama nikaendelea kuchuma, na baadaye nikaona kwamba nilikuwa nimechuma mbichi na mbivu pamoja.

Ilipita kama miezi miwili zaidi. Asubuhi moja ya baridi niliposikia mtu anabisha hodi nilidhani ni mwenye mkungu. Alikuwa shemeji, ameshika fimbo, na mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Alikuwa amepanda kutoka kwake mpaka kwangu peke yake, na kutembea kule kulimtoa jasho.

"Leo ni siku yangu ya kutazamwa mguu," akasema. "Nipeleke Arusha."

"Mwenzako anajua?"

"Anajua kwamba nakwenda hospitali."

Nikamfungulia mlango wa mbele, nikamsaidia kupanda. Tulishuka mpaka barabara kuu. Niliendesha kama nimebeba mayai, baiskeli ilitupita.

"Shemeji," akasema tulipokuwa tumepita Tengeru, "kwa nini hukuja kunitazama?"

"Nilileta ndizi."

"Ndizi." Akageuza uso dirishani. "Mimi nimezaliwa kwenye ndizi, nimeolewa kwenye ndizi. Nililala chali miezi mitatu, mguu uko juu, nikitazama mlango wa wodi. Kila aliyeingia nilidhani ni wewe. Askari analeta mkungu, ananiambia, huyo mtu wako ameondoka."

Baadaye nikamwambia kwamba niliona aibu, kwamba mume wake alinionya juu ya zile bawaba, na mimi nikaacha.

"Alinieleza," akasema. "Na mimi nilikuwa naziona kila Jumamosi. Zimefungwa waya, nani asiyeona? Nilikaa pale kwa sababu ndipo palipobaki nafasi."

"Na watu? Mpaka leo hawapandi."

"Wengine waliogopa gari, hilo ni kweli. Lakini wengine walikuogopa wewe. Unapita na gari hutazami mtu. Kanisani huji. Wakasema, huyu hataki kuonwa, tumwache."

Mpaka leo sijui kama ndivyo ilivyokuwa, au kama alinihurumia akanitafutia maneno. Alikuwa mtu wa kusema kweli, lakini pia alikuwa mtu wa huruma. Yote mawili yanawezekana.

Hospitali niliingia naye mpaka ndani, nikakaa naye kwenye benchi. Daktari akasema mfupa umeunga ila utabaki hivyo, mfupi. Akaniangalia akidhani mimi ndiye mume, akanieleza mimi. Nilisikiliza yote.

Tuliporudi alasiri sikumshusha njiani. Nilimpeleka mpaka uani kwake. Rafiki yangu alikuwa anapasua kuni. Aliliona gari, akamwona mke wake ndani, akaweka shoka chini. Hakuonyesha kushangaa wala kukasirika. Alimshusha mke wake, akampa fimbo yake, halafu akaniambia, "Karibu ndani."

Nikaingia. Nilikuwa sijaingia katika nyumba ile tangu kabla ya vuli. Akanipa kigoda, akakaa kwenye kingine. Shemeji akaleta mtori wa ndizi, sufuria ilikuwa imebaki jikoni tangu mchana. Tulikunywa. Tulizungumza habari za mvua, kama imenyesha mjini au imeishia Usa River. Tulizungumza juu ya mfereji, kwamba wa juu wanauziba. Nilingoja lile neno tena, nikaona kwamba halitakuja, na kwamba mtu hawezi kulidai. Nikajaribu kulisema mimi.

"Ndugu yangu, zile bawaba..."

"Umezibadilisha," akasema. "Niliona."

Akaniongezea mtori.

Kuanzia hapo nilikwenda kwao Jumapili baada ya ibada, maana nilirudi kanisani. Kidogo kidogo watu walipanda gari, kwanza mjane mwenye mkungu, halafu wengine, lakini kamwe hawakuwa wanane, na hawakuimba. Labda walikuwa wamezoea kuimba wakiwa wanatembea. Shemeji alipanda mara nyingi, siku zote mbele. Rafiki yangu hakupanda. Akitaka kwenda mjini alitembea mpaka barabara kuu. Tulisalimiana, tulisaidiana kazi za mfereji, nilipougua alikuja akakaa kitandani kwangu mpaka homa ikashuka. Lakini yale mazungumzo yetu ya zamani, ya kukatizana na kubishana na kucheka, hayakurudi. Nilikuwa nayasikia yamekosekana hata tukiwa tumekaa pamoja, na wakati mwingine ilikuwa heri kukaa peke yangu, maana nikiwa peke yangu angalau sikumkumbuka mtu aliye mbele yangu.

Alipanda mara moja. Mama yake mzazi alifia kwa ndugu zake kule Terrat, ng'ambo ya Arusha, na habari ilifika asubuhi, maziko ni alasiri ileile. Gari la misheni lilikuwa limekwenda Moshi. Alikuja kwangu amevaa koti lake jeusi, akasimama uani. Hakuomba, nami sikumngoja aombe. Nilichukua ufunguo. Wanawake wa ukoo walipanda nyuma, wakaegemea mlango, yeye akapanda mbele na mimi. Tangu nyumbani mpaka mjini, na tangu mjini mpaka kule kwenye nyika yenye vumbi, hatukusema neno. Nilimsikia anapumua. Tulipofika, watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Alifungua mlango, akashuka, akakaza koti. Halafu akainama dirishani.

"Nitachelewa," akasema. "Usiondoke. Ningoje."

Nikazima gari, nikamngoja.